Tarumbeta Haifiki Magegoni

Taya langu lilikwama Jumamosi moja saa nane mchana, huko Limuru, mbele ya maharusi, wazazi wa pande zote mbili, na katoto kalikobeba maua huku kakilia kwa sababu viatu vilikuwa vinakabana. Tulikuwa bendi ya watu watano: tarumbeta mbili, tromboni, saksofoni na ngoma. Tulikuwa tumepiga tangu saa tatu asubuhi. Kwanza nyumbani kwa kina bibi harusi, halafu getini kwa kanisa, halafu kutoka kanisani hadi kwenye hema. Nilipoitoa tarumbeta mdomoni nimeze mate, kitu kikalia kando ya sikio la kulia, ka!, kama mtu amevunja kijiti. Nikajaribu kufungua mdomo. Ukafunguka kiasi cha kupitisha kidole kimoja, basi.

"Manze, tuingie!" jamaa wa tromboni akaninong'oneza.

Sikuingia. Nilisimama tu na tarumbeta mdomoni, vidole vikibonyeza kama kawaida, sauti hakuna. Mwenzangu wa tarumbeta ya pili akabeba mzigo wote peke yake. Hakuna mgeni aliyejua. Nililipwa Sh2,500 yangu kama wengine, na pilau nikafungiwa kwenye mfuko kwa sababu sikuweza kuitafuna.

Jioni nilimpigia mama Nakuru. Nilikuwa nikiongea kama mtu aliyefungwa waya, kwa hivyo sikuweza kumficha. Akanyamaza kidogo, halafu akasema neno ambalo nilijua linakuja.

"Nilikwambia, baba. Hicho chuma kitakung'oa meno."

Mama huniita baba kwa sababu nimerithi jina la baba yake. Na hicho chuma amekuwa na shida nacho tangu nikiwa na miaka kumi na mbili.

*

Ili uelewe, lazima nikueleze kuhusu meno yangu. Nimezaliwa na kulelewa Kaptembwo. Kama umewahi kukaa Nakuru, unajua hadithi ya maji yetu. Maji mengi ya visima kule Bonde la Ufa yana floraidi nyingi kutoka kwenye miamba ya volkano. Shirika la Afya Duniani linasema lita moja ya maji isizidi miligramu 1.5. Kuna visima kwetu vinavyopita hapo mbali kabisa. Mtoto akiyanywa maji hayo miaka ile meno ya utu uzima yanapojijenga ndani ya fizi, yanatoka yakiwa na madoa: meupe kama chaki, ya manjano, au ya kahawia. Yangu yalitoka ya kahawia. Mama alikuwa akichemsha kila tone, maskini, akiamini anatulinda. Kuchemsha kunaua vijidudu. Floraidi haiguswi, inabaki palepale na maji yanapungua. Kuna watu Nakuru waliotengeneza vichujio vya mifupa iliyochomwa, na hivyo vinaipunguza kweli, lakini sisi hatukuwa nacho.

Kwa hivyo nilikua nikicheka na mkono mdomoni. Kwenye picha za shule ya msingi, mimi ndiye yule aliyefunga midomo kama amemeza siri. Nilipofika Nairobi, watu walikuwa wakinitazama sentensi moja tu na kusema, "Wewe ni wa Nakuru, si ndio?"

Sasa, kanisani kwetu kulikuwa na bendi ya tarumbeta. Mwalimu wa bendi alikuwa mzee mmoja mkimya, shati jeupe lililopigwa pasi hadi linakata. Siku ya kwanza aliniambia nifunge midomo, nibane pembe zake, halafu nipulize hadi midomo yenyewe itetemeke. Nikafunga midomo. Hicho ndicho kitu nilichokuwa nimekifanyia mazoezi maisha yangu yote! Nikagundua kwamba hii ndiyo kazi pekee ambapo unaweza kusimama mbele ya watu mia tatu, wote wakutazame mdomo, na hakuna anayeona meno yako. Nikaipenda tarumbeta kwa sababu hiyo kabla sijaipenda kwa sababu ya muziki.

*

Wiki ile taya lilipokwama, kila mtu alikuwa na nadharia. Jirani alisema ni baridi. Mtu wa bodaboda alisema mjomba wake alipiga saksofoni hadi meno yakatokeza mbele kama ya sungura. Mama kila siku: chuma, chuma, chuma. Nami, kwa sababu sikuweza kulala, nikawa nakesha YouTube na simu ikiwa kwenye chaji, nikitafuta wanamuziki walioharibiwa mdomo.

Wako wengi. King Oliver, yule aliyemwita Louis Armstrong kijana aje Chicago mwaka 1922 wapige pamoja, aliugua fizi. Meno yakalegea, yakaanza kung'oka, na mpiga koneti bila meno ya mbele ni kama fundi viatu bila sindano. Alikufa Savannah mwaka 1938, akiwa mfagizi kwenye ukumbi wa mchezo wa pool. Armstrong mwenyewe alijiumiza midomo kwa kupiga noti za juu kwa nguvu mno, hadi ikabidi apumzike miezi kadhaa kule Ulaya miaka ya 1930. Leo madaktari wakikuta msuli wa mdomo umechanika kwa mpiga tarumbeta, wana jina la ugonjwa huo linalotokana na jina lake la utani, Satchmo. Chet Baker alipigwa na watu mwaka 1966, meno yakaharibika, akaishia na meno ya bandia na kulazimika kujifunza tarumbeta upya kama mtoto. Ilimchukua miaka kurudi jukwaani.

Nilikuwa nazisoma habari hizi saa tisa usiku, mikono kwenye mashavu, nikijiambia, basi, mimi ndiye anayefuata. Ila kuna kitu sikukiona wakati huo. Oliver aliangushwa na ugonjwa wa fizi. Baker aliangushwa na ngumi. Ni Armstrong peke yake kati yao aliyeumizwa na kupiga kwenyewe, na hata yeye ilikuwa midomo. Nilikuwa natafuta ushahidi dhidi ya tarumbeta, na mtu akitafuta hivyo, atapata tu.

*

Sikuwa na pesa za daktari wa meno wa kawaida. Mimi ni mwandishi wa kujitegemea, maana yake wikendi napiga tarumbeta na siku nyingine naandika chochote kinacholipa: maelezo ya bidhaa, hotuba za watu, na kuna kipindi, sijivunii, niliwaandikia wanafunzi wa ng'ambo insha zao. Mtu aliyeacha chuo anawaandikia watu wa chuo. Rafiki akaniambia kuna kliniki ambapo wanafunzi wa udaktari wa meno huhudumia watu kwa bei nafuu, daktari mkubwa akiwasimamia. Unakaa sana kwenye foleni lakini unatibiwa vizuri.

Aliyenihudumia alikuwa msichana wa rika langu. Mwaka wa mwisho, aliniambia. Nikapiga hesabu kichwani bila kutaka: kama ningebaki chuoni, na mimi ningekuwa namaliza.

Alianza kwa kunipima mdomo na rula. Mtu mzima hufungua milimita 40 hivi au zaidi. Mimi, baada ya wiki nzima na taya limeshaanza kulegea, nilifika 24.

"Unatafuna miraa?"

"Hapana." Akanitazama. "Mara mojamoja."

"Kazi yako?"

Nikamwambia tarumbeta, nikangoja aseme kama mama. Badala yake macho yakamwangaza. Akamwita daktari wao, mama wa makamo mwenye miwani ya kuning'inia kifuani, na wawili hao wakaanza kunifundisha mdomo wangu mwenyewe.

Daktari alisema swali hilo ni la zamani. Mwaka 1939 daktari mmoja Mmarekani wa kunyoosha meno, Strayer, ambaye pia alikuwa mpiga basuni, aligawanya ala za kupuliza katika makundi manne kulingana na jinsi zinavyokutana na mdomo. Kuna ala za kikombe kama tarumbeta na tromboni: kikombe kinakaa nje, kinabana midomo kwenye meno ya mbele, ya juu na ya chini. Kuna klarineti na saksofoni, zenye utete mmoja: ile ncha inaingia ndani, meno ya juu yanakaa juu yake, mdomo wa chini unakunjwa juu ya meno ya chini. Hapo nguvu inasukuma meno ya juu kwenda nje na ya chini kwenda ndani. Kuna zenye tete mbili, kama basuni yake, ambapo midomo yote miwili inakunjwa ndani. Na kuna filimbi, inayolala tu kwenye mdomo wa chini.

"Kwa hivyo jamaa wa bodaboda alisema kweli?" nikauliza. "Kuhusu mjomba wake?"

Daktari akacheka. Akasema inawezekana, lakini hawezi kuapa. Tafiti zimefanywa miaka na miaka na hazijakubaliana. Wengine waliona meno yakisogea kidogo, wengine hawakuona kitu. Sababu moja ni muda. Jino halisogezwi sana na nguvu kubwa ya dakika chache. Linasogezwa na nguvu ndogo ya saa nyingi, kila siku, kwa miezi. Ndiyo maana waya za meno hazitolewi usiku. Ulimi wako, ukikaa vibaya kutwa kucha, unaweza kulisogeza jino kuliko tarumbeta ya saa moja. Kidole cha mtoto anayenyonya hadi usingizini pia. Halafu kuna sura ya taya uliyorithi kwa wazazi, na hiyo haiulizi kama unapiga ala.

Lakini hakuiachilia tarumbeta kirahisi. Alinifunua mdomo wa juu akanionyesha kwa kioo: upande wa ndani, mstari mweupe mgumu, mahali ambapo jino langu la mbele lililokaa upande limekuwa likikata nyama kila ninapokandamiza. Ncha ya jino lenyewe ilikuwa imemeguka. Meno yenye madoa makali ya floraidi, alisema, gamba lake la nje huwa laini, linamegeka haraka kuliko la wengine. "Ukichoka, unakandamiza, si ndio?" Ndio. Kila mpiga tarumbeta anajua. Saa ya tano ya harusi, midomo imekufa, noti ya juu haitoki, basi unavuta kile chuma usoni kama unataka kukipitisha hadi kisogoni. Pia unasukuma taya la chini mbele ili meno ya chini yalingane na ya juu, na kulishikilia hapo. Weka vidole mbele kidogo ya masikio, halafu sukuma taya lako mbele. Unasikia panavyosogea? Hicho ndicho kiungo chenyewe. Mimi nilikuwa nakishikilia hivyo saa tano kila Jumamosi.

Nikawa nimeridhika. Mshtakiwa amepatikana. Nilikuwa naanza kupanga jinsi nitakavyomwambia mama, "Ulikuwa sahihi."

Hapo yule mwanafunzi akaniambia niume karatasi nyembamba ya rangi, nisage huku na huku. Akachungulia nyuma kabisa. Akakaa kimya. Akamwonyesha daktari.

"Magego yako yamelika," alisema. "Pande zote mbili, yamekuwa bapa kama sahani. Umri wako bado."

"Ni tarumbeta?"

"Tarumbeta haifiki magegoni."

Akaweka kioo chini. "Unalala vipi?"

Kuna maswali ambayo mtu akikuuliza ukiwa umelala chali, taa ikikumulika machoni na bomba likinyonya mate yako, huwezi kuyakwepa. Nikasema silali vizuri. Akauliza nikiamka mashavu yanachoka? Ndiyo. Kichwa kinaniuma hapa pembeni? Ndiyo. Kuna mtu amewahi kuniambia nasaga meno usingizini? Nikakumbuka niliyekuwa nakaa naye keja, aliyekuwa akinitania kwamba usiku natwanga mahindi.

"Tangu lini?"

Nikamwambia sijui. Nilikuwa najua kabisa. Tangu Machi ya mwaka uliotangulia.

*

Machi ile ndiyo niliacha chuo. Nilikuwa mwaka wa tatu. Kulikuwa na deni la karo, nikazuiwa kufanya mitihani, na siku niliyotakiwa kwenda kuomba huruma kwenye ofisi, nilipata shoo ya mazishi Thika nikaenda huko. Nikasema nitaenda kesho. Kesho ikawa muhula. Sikumwambia mama. Aliendelea kutuma Sh15,000 kila muhula, akinipigia baada ya dakika mbili, "Imefika?" Nikamwambia imefika. Nikalipia kodi. Zamu yake ya chama alikuwa ameomba isogezwe hadi Desemba, ili pesa za chama zifanye sherehe ya mahafali yangu.

Sasa nilikuwa kwenye kile kiti nikielewa kwa nini nilitaka sana iwe tarumbeta. Kama ni tarumbeta, mama alikuwa sahihi, mimi ni kijana mkaidi anayependa muziki, mambo yanaishia hapo. Huo ni ugomvi wa kawaida, tumeuzoea. Lakini chuma kinaguswa na meno ya mbele tu, saa chache kwa wiki. Huku nyuma kulikuwa na mtu anayesaga kila usiku, na huyo alikuwa mimi.

Sitaki kusema uwongo unasaga meno. Daktari mwenyewe hakusema hivyo. Alisema kusaga meno usiku kuna sababu nyingi, wasiwasi ni mojawapo, na watu wenye amani kabisa pia husaga. Aliniambia nipumzishe tarumbeta wiki mbili, nile vitu laini, niweke kitambaa cha moto mashavuni asubuhi na jioni, niachane na miraa hata hiyo ya mojamoja. Walinitengenezea kinga ya plastiki ya kuvaa usiku. Na yule mwanafunzi akanipa kitu kimoja bure: mchana, ukiwa umetulia, midomo ifungwe lakini meno yasigusane. Meno yanatakiwa kukutana wakati wa kutafuna na kumeza tu. Wewe unayesoma hapa, hebu jiangalie. Yamegusana? Yangu yalikuwa yamegusana mwaka mzima.

*

Nilienda Nakuru Alhamisi iliyofuata. Nikaacha tarumbeta Nairobi kwa makusudi, ili tusije tukaongea juu yake. Matatu ilipopita Gilgil nilikuwa nimeuma meno hadi sikio linavuma. Nikayaachanisha. Baada ya dakika moja yalikuwa yamerudiana.

Mama alikuwa uani, anachambua maharagwe kwenye ungo. Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa nikamwambia yote kwa pumzi moja, kama mtu anayeogopa pumzi itaisha kabla ya noti. Hakuinua kichwa. Vidole viliendelea kutoa vijiwe.

"Tangu lini?"

"Machi ya mwaka jana."

"Na ile ya Mei?"

"Nililipa kodi."

"Ile ya Septemba nilikopa kwa mama Njeri."

"Kodi pia, mama."

"Na ya Januari?"

Januari nilinunua mafuta ya vibonyezo, nikarekebisha tarumbeta, nikalipa deni la dukani. Nikamwambia. Alizijua zote, tarehe na mahali zilipotoka. Alipomaliza kuhesabu, aliweka ungo chini.

"Na mimi nimekuwa nikilaumu chuma cha watu," alisema.

Halafu akaingia ndani, na hatukuongea tena hadi usiku. Nilimsikia akisonga ugali. Alipoleta chakula, mdogo wangu alipewa ugali na maharagwe kama kawaida. Sahani yangu maharagwe yalikuwa yamepondwapondwa kwa mwiko, laini kama ya mtoto wa miezi sita. Hakusema kitu. Nikala kila kitu.

Nimerudi kupiga, lakini si kama zamani. Napumzika muda sawa na ninaopiga, kama mwalimu wa bendi alivyokuwa akisema na sikumsikiliza. Harusi ikifika saa ya nne namwambia mwenzangu achukue mistari ya juu. Noti isipotoka, nailea kwa pumzi, na ikikataa naiacha. Jino la mbele bado limemeguka, pesa za kulijaza bado natafuta. Taya hulia mara mojamoja.

Baada ya kila shoo namtumia mama elfu moja. Hajibu. Zamu yake ya chama ameirudisha mahali ilipokuwa, na amezibandua picha za vijana wenye majoho alizokuwa amezikata gazetini. Lakini juzi alinipigia, nikadhani kuna msiba.

"Hicho kiplastiki unavaa?"

"Navaa, mama."

"Kila usiku?"

"Kila usiku."

"Haya," akasema, akakata simu.